Ng'ombe wa Kabula

Kabula tulimzika Mwandoya, nyuma ya nyumba yake, na sikulia. Nalisema mapema kwa sababu walioniona walilisema kabla yangu. Mama mmoja wa kwaya alimnong'oneza mwenzake, nami nimesimama mbele yake palepale, kwamba manesi ndivyo walivyo, wamezoea maiti. Nilimsikia vizuri sana. Hakuna anayezoea maiti, mama. Ila mimi ni mtu ambaye jambo zito likinifika nakuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, unauona, ukiugusa si wako. Nilikuwa hivyo mwaka ule wa mwisho nilioishi na Kabula Bariadi, mwaka ambao kila aliyefungua mdomo aliniuliza nataka kuwa nani, na nikawa hivyo tena pale kaburini, natupa udongo wangu, najifuta mikono kwenye kanga. Baadaye wakwe zake wakanipa beseni la viazi nimenye, nikamenya.

Tangu nistaafu huwa naalikwa kwenye shule za sekondari kuwaambia watoto namna ya kuchagua kazi. Wananikalisha kwenye kiti chenye kitambaa, wananipa soda, halafu msichana mmoja aliyeandaliwa anasimama na kuuliza wito wa unesi ulinijia lini. Wito! Nikilisikia neno hilo natamani kuchukua mkoba wangu niondoke. Wito ni neno la watu wanaotaka kukufanyisha kazi usiku na mchana na usiulize. Lakini mimi ni mgeni, nimepewa soda, basi nawaambia yale yale: jitambueni, someni sayansi, wasikilizeni walimu wenu. Ya kwangu siwaambii. Ya kwangu yana kuku ndani yake, yana ng'ombe, na ukianza kusimulia kuku na ng'ombe mbele ya mwalimu wa taaluma anakuona umechanganyikiwa. Wacha niyaandike hapa, sasa kwa kuwa Kabula hayupo wa kunicheka.

Mwaka ule Bariadi ilikuwa bado mji wa wilaya chini ya Shinyanga, na mkoa wa Simiyu haukuwapo hata kwenye ndoto za wanasiasa. Nilikaa kwa baba mkubwa, kaka yake baba yangu. Kwa nini nililelewa naye ni habari nyingine, siiingizi hapa. Nyumba yake ilikuwa upande wa jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, na msimu wa pamba ukifika nyuzi nyeupe zilikuwa zinatua juu ya kila kitu: kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye michembe, vile viazi vitamu vya kukatwa, iliyokuwa inakauka juu ya bati, kwenye nyusi za watu. Mimi na Kabula, binti yake, tulilala chumba cha uani kati ya jiko na banda la kuku, kitanda kimoja cha kamba kilichobonyea katikati, kwa hiyo hata tukilala tumegombana asubuhi tulijikuta tumekumbatiana. Dirisha lilikuwa na gunia badala ya pazia. Chumba cha mbele alipanga Dada Rehema, karani wa ofisi za wilaya, mwenyeji wa Tanga, mwanamke msafi kupita kiasi, ambaye nazi ikimfikia kwa basi aliikuna mlango umefungwa ili harufu isipotee bure. Kati ya chumba chetu na sebule ya baba mkubwa palikuwa na ukuta usiofika juu. Mtu akikohoa huku, wa kule anaambiwa pole.

Mimi na Kabula tulikuwa tumemaliza kidato cha nne pamoja. Yeye matokeo yake yalikuwa mabaya, na kila mtu nyumbani alisema atarudia mtihani. Mimi nilikuwa nimepata nafasi mbili, na ndiyo ilikuwa balaa yenyewe. Moja ilikuwa chuo cha ualimu, cha serikali, unakwenda na godoro lako na ndoo. Ya pili ilikuwa chuo cha unesi cha misheni, mbali, chenye ada. Ng'ombe wa baba mkubwa waliokuwa kwa ndugu zake Kimali walikuwa wamemalizwa na ukame, waliobaki walikuwa wa kulimia, na ng'ombe wa kulimia hauzwi labda mtu awe amerogwa. Ada ingepatikana njia moja tu: Kabula aolewe, mahari yake iuzwe mnadani, mimi nisome. Nikienda ualimu, Kabula anabaki nyumbani na mtihani wake. Nikienda unesi, Kabula anaolewa. Hakuna aliyenificha. Mama mkubwa aliniambia akiwa anapepeta mtama, kama mtu anayekuambia kesho kutakuwa na mvua, halafu akaniuliza, "Sasa wewe ng'wanawane, unataka kipi?" Nikasema chochote.

Nilikuwa nasema chochote kwa kila kitu. Kabula alikuwa ananiigiza mbele ya watu. Anasimama na bakuli, anauliza kwa sauti ya mama yake, "Milembe, uji au michembe?" halafu anajijibu kwa sauti yangu, amelegeza midomo, "Chochooote." Watu wanacheka, mimi nacheka pia. Siku moja akaacha kucheka akaniambia, "Wewe, chochote si chakula. Siku moja utaletewa mavi ya ng'ombe ule." Alikuwa na mdomo Kabula! Lakini nilikuwa sijifanyi. Watu walidhani naona haya, au nina adabu ya yatima, au kuna kitu nakitaka nimekificha. Ukweli ni kwamba nikijiuliza nilikuwa sisikii kitu. Nikifikiria chuo cha ualimu naona godoro na ndoo. Nikifikiria unesi naona gauni jeupe limeanikwa, halina mtu ndani. Dada Rehema alinishika mkono jioni moja akanikalisha kwenye mkeka wake. "Mwanangu," akasema, "waache hao na ng'ombe zao. Keti kitako, usikilize moyo wako. Moyo haudanganyi." Nikamtii. Kesho yake nilikwenda kukaa nyuma ya banda la kuku, nikafumba macho nisikilize moyo wangu. Nilisikia jineri. Nikangoja tena, nikasikia jineri.

Kitu pekee nilichokuwa nafanya mwaka ule bila kuambiwa ni watoto wa majirani. Walikuwa wanakuja mchana wakitoka shule, nawaandikia herufi kwa mkaa kwenye ukuta wa choo, na baba mkubwa akiniona anasema, "Nani atapaka chokaa hapo?" Sikuona kama ni kitu. Ulikuwa mchana mrefu tu.

Basi kupitia ule ukuta usiofika juu nikawa nasikia maisha yangu yanavyojadiliwa. Mama mkubwa alikuwa upande wa ualimu. "Ualimu ni bure," anasema. Baba mkubwa anajibu, "Bure! Na mshahara wake je, si bure hivyo hivyo?" Alitaka nesi. Kila ukoo, alisema, lazima uwe na mtu wake hospitali, la sivyo mtakufa kwenye foleni mmekaa vizuri na madaftari yenu. Lakini akawa hathubutu kuamua, na sababu aliitoa siku moja baada ya kula, sauti imeshuka, mimi upande wa pili nimeshika sufuria bila kuisugua. "Nikimwoza Kabula kwa ajili ya Milembe, wenzangu watasema nimemtupa wa kwangu. Nikimnyima Milembe, watasema ni kwa kuwa si wa kuzaa mimi. Niende wapi?" Mama mkubwa akasema, "Mpeleke kwa kuku." Ndivyo wakubwa walivyoamua mambo wakati ule, hata waliokuwa wanakwenda kanisani Jumapili, na wengine wanaamua hivyo hadi leo ila hawasemi. Watu wa nje wanadhani Msukuma anakwenda kupasua kuku kwa sababu hajui la kufanya. Si kweli. Mara nyingi anajua kabisa. Anachotafuta ni wa kubeba lawama, na kuku halaumiwi, hana ukoo.

Mfumu, yaani mganga wa ramli, tuliyepelekwa kwake alikaa Binza, kule Maswa. Msinipe sura ya kibanda chenye mafuvu. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye duka dogo la sabuni na chumvi kwa mbele, na ya ugangani aliyafanya uani, redio inaimba. Tulikwenda watatu, baba mkubwa, mimi, na Kabula aliyelazimisha kuja kwa kisingizio cha kubeba kifaranga. Tulipofika baba mkubwa akasalimia, "Mwangaluka, mayu." Yule mama akaitikia, "Mwangaluka. Mhola?" "Mhola duhu," baba mkubwa akajibu, eti amani tu, kumbe hakuna amani yoyote, njia nzima alikuwa anasaga meno. Mfumu akamalizia kwanza kumuuzia mteja wake chumvi, akanawa mikono, akaja. Kawaida ni kwamba mwenye shida anatia mate yake kwenye mdomo wa kifaranga ili kifaranga kiwe yeye. Kinywa changu kilikuwa kikavu kabisa. Nikajaribu, hakuna. Baba mkubwa akageukia ukuta kwa aibu. Kabula akacheka hadi akakaa chini, halafu akatoa ndimu kwenye fundo la kanga yake akanipa nilambe, na mate yakaja. Sijui kwa nini alikuwa na ndimu. Kabula alikuwa na kila kitu kwenye lile fundo.

Kifaranga kikapasuliwa. Mfumu akakitazama mabawa, mfupa wa mgongo, akatazama ndani, akakigeuza kwenye mwanga, akakirudia tena. "Kote kweupe," akasema. Baba mkubwa akauliza, "Kote wapi?" "Kote. Akienda huku hafi, akienda kule hafi. Hakuna damu mbaya, hakuna mzimu aliyekasirika. Njia zote mbili nyeupe." "Mama, sikuja kuuliza kama atakufa. Nimekuja kuuliza aende wapi." Mfumu akamwangalia kwa muda, akaniangalia na mimi, akauliza, "Kwani mtoto mwenyewe anataka nini?" Hapo baba mkubwa akapandisha sauti hadi redio ikaonekana inanong'ona: "Angekuwa anajua anachotaka, tungepanda gari kuja mpaka huku?" Wote watatu wakanitazama. Nakumbuka mbu mmoja mkubwa amekaa kwenye pipa, na harufu ya sabuni ya mche, na ndimu bado mdomoni. Sikusema kitu. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini changu hakikuwa na mshindo wowote, kilikuwa kimya tu. Njiani kurudi baba mkubwa alilalamika mpaka Bariadi. Kuku gani asiye na msimamo! Kuku wa siku hizi, pumba tu wanalishwa! Kabula alikuwa amekaa dirishani. Mwanzo alikuwa anamcheka baba yake chini chini, halafu akaacha, akawa anatazama mashamba ya pamba, na sikumwona tena akicheka siku ile.

Jumapili iliyofuata tulikula mchana ugali wa mtama na nsansa, ile mboga ya majani makavu ya kunde, na maziwa mgando kwa sababu baba mkubwa alikuwa na mgeni aliyekwisha kuondoka na mtindi ukabaki. Tulikuwa tunakula uani. Dada Rehema alikuwa anafua karibu na sisi. Kabula alinawa mikono kabla hajashiba, akapiga magoti mbele ya baba yake kama anavyopiga mtu anayeomba ruhusa, akasema bila kutetemeka, "Baba, mimi niozeni. Milembe aende unesi. Mtihani nitakuwa narudia mpaka lini? Yeye ana kichwa, mimi sina. Mtafute mwenye ng'ombe walio tayari, chuo kinafunguliwa karibuni." Baba mkubwa akashika tonge hewani. Ninyi ambao hamkumjua Kabula hamwezi kuelewa jambo lile lilivyokuwa. Msichana wa maneno, wa kubishana na kila mtu, amepiga magoti anajitoa. Mama mkubwa akafunika uso na kanga. Dada Rehema aliacha kufua, povu mikononi, machozi yanamdondoka kwenye beseni, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Huyo ndiye ndugu! Milembe, mtazame huyo. Usije ukamsahau hata siku moja ya maisha yako." Nikamtazama. Kabula hakunitazama. Mate yangu yalikuwa yamekauka tena, na mara hii hakukuwa na wa kunipa ndimu.

Ningeweza kusema hapana. Nimejiambia hivyo kila mwaka tangu wakati ule, na kila mwaka nimejijibu kwamba mtu anasema hapana akiwa na kitu anachokitaka mahali pengine. Mimi sikuwa na mahali. Mambo yakaenda haraka. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kimali, mwenye mke tayari na zizi la kutisha, ambaye alikuwa ametuma watu kuulizia Kabula, lakini mifugo yake ilikuwa imepelekwa malisho ya mbali na asingeirudisha kabla mvua hazijatulia. Aliyepatikana haraka alikuwa Luhende, kijana wa Mwandoya, utingo wa lori lililokuwa linaleta pamba jineri. Baba yake alikuwa na ng'ombe wachache, wembamba, lakini walikuwa zizini. Walipoletwa niliwaona wanaingia kwa mstari, mbavu zinahesabika, mmoja anachechemea, na baba mkubwa anawazunguka huku anafyonya. "Hawa ng'ombe au ngozi zimeanikwa?" Lakini akawapokea, kwa sababu chuo kilikuwa kinafunguliwa. Siku ya mnada sikwenda. Nilibaki nashona jina langu kwenye shuka. Nguo nyeupe ikawepo, viatu vikawepo, na siku ya kuondoka mama mkubwa akaniambia, "Soma, ng'wanawane. Umevaa ng'ombe wa mwenzio."

Nikavaa. Nimewavaa maisha yangu yote ya kazi. Sikuuchukia unesi, na sikuupenda, niliufanya. Nilikuwa nawahi, sikuwa mwizi wa dawa, sikumtukana mama yeyote wa uzazi, na kwa hilo najivunia kwa sababu nimewaona wanaotukana. Ila kila nilipofika njia panda, ng'ombe wale walisimama njiani. Rafiki yangu mmoja aliacha kazi akafungua duka la vitenge Lamadi, akaniita tushirikiane, na kwa mara ya kwanza nilisikia kitu kidogo kifuani kama mtu anayegonga mlango kwa kidole kimoja. Nikasema siwezi, nina deni. Akadhani ni la benki. Mganga mkuu mmoja alitaka kunipeleka chuoni nikafundishe wanafunzi wa unesi, kwa kuwa kila kundi la mazoezi lililokuja wodini liliomba kukaa na mimi. Nikaulizia, nikaambiwa ni lazima nitoke wodini kabisa, nikakataa. Kabula hakuuza ng'ombe zake nikafundishe. Aliwauza niwe nesi. Ng'ombe haelemewi na nunduye, nikajiambia, na nilifikiri huo ni ujasiri. Nilipokwenda kumtembelea Mwandoya alikuwa ananipokea kwa kelele tangu barabarani, "Nesi wangu huyooo!" anakuja anakimbia na unga mikononi, ana watoto kila upande, mnene, anacheka, na mimi neno lile lilikuwa linanichoma. Nesi wangu. Nilidhani ananikumbusha.

Sasa turudi msibani. Asubuhi ya pili baada ya mazishi nilimwendea Luhende. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na zizi, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya msiba chini ya kofia, mzee, mabega yameanguka. Wakati lori la rambirambi linakuja kutoka Bariadi nilikuwa nimepakia mtamba mmoja mzuri, mwekundu, niliyemnunua kwa kiinua mgongo changu. Nilimpangia Kabula tangu kabla hajaugua. Niliona haya kuliacha jambo hili lizikwe naye. Nikamwambia, "Shemeji, yule mtamba si wa rambirambi. Ni kwa ajili ya wale."

"Wale wapi?"

"Wale ng'ombe. Walioniingiza chuo."

Luhende alinitazama mpaka nikadhani hajanisikia. Halafu akaanza kucheka, ule mcheko wa mzee usio na sauti, mabega tu, na machozi yakamtoka, na sikujua ni ya kicheko au ya Kabula. "Shemeji Milembe," akasema. "Kwani Kabula hakukuambia?"

"Aniambie nini?"

"Loo. Alisema atakuambia. Kila ukija alikuwa anasema, safari hii nitamwambia tucheke. Naona hukuwa mtu wa kuchekeshwa." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mimi na yeye tulikuwa tumekwisha elewana tangu pamba ya kwanza ya mwaka ule. Lori likipanga foleni jineri alikuwa anakuja na maji ya kunywa. Sasa mzee wa Kimali alikuwa anakuja, na baba mkubwa wako unamjua. Asingepokea ng'ombe wale wembamba wa baba yangu hata kwa dawa. Labda nyumba iwe inaungua. Kabula akasema, basi tuichome nyumba. Ada yako ndiyo ilikuwa moto."

Nikauliza kuhusu mtihani. Kurudia mtihani. Nilisikia sauti yangu inauliza kama inauliza dawa kwenye dirisha la famasi.

"Mtihani gani! Kabula na hesabu? Alikuwa anasema akiona karatasi ya mtihani tumbo linamwendesha."

"Alipiga magoti, Luhende. Mama mkubwa alilia. Watu wote walilia."

"Alipiga magoti, ndiyo. Alijizoeza mbele yangu, nyuma ya lori." Akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu nifike niliona namna alivyompenda. "Shemeji, sisi tumeishi. Tumezika watoto, tumelala njaa, tumegombana hadi kwa mwenyekiti wa kijiji. Lakini hakujuta hata siku moja. Hakukudai kitu. Kumbe wewe ulidhani unadaiwa?"

Nilikaa chini, kwenye majani na samadi, na gauni langu la heshima. Nilingoja hasira ije, nikangoja hata furaha, kwa sababu kwa haki ningepaswa kufurahi: ndugu yangu hakuteseka kwa ajili yangu, alipata mtu wake. Mguu uliokaliwa ulibaki umekaliwa. Nikawaza duka la Lamadi. Nikawaza wanafunzi wangu wa mazoezi wodini wanavyonifuata kitanda hadi kitanda. Mimi nilikuwa nimebeba zizi zima la ng'ombe mgongoni, na wenye ng'ombe walikuwa hawajui kama wametoka. Kumbe kazi yangu yote, miaka yote ile ya kuamka kabla ya jogoo, iliamuliwa nyuma ya lori la pamba na watu wawili waliokuwa wanapendana na hawanifikirii hata kidogo. Baba mkubwa alitafuta wa kubeba lawama, Kabula akatafuta sababu, Dada Rehema alitafuta kisa cha kumliza, na mimi nilikuwa pale, napatikana.

"Tulikuwa tunaogopa kitu kimoja tu," Luhende akaendelea, amelainika, kama mtu anayesimulia habari njema. "Kwamba utachagua. Kila nikishuka kwenye lori nilikuwa namuuliza, vipi, Milembe amesema? Ananiambia, bado, hajasema kitu. Siku mlipokwenda Binza sikula. Nilisema leo kuku akimwambia aende ualimu tumekwisha. Aliporudi akanieleza kuku amesema kweupe kote, na mfumu amekuuliza mwenyewe, na wewe ukanyamaza. Tulishukuru Mungu, shemeji."

Mtamba wangu alikuwa anajisugua kwenye mti wa zizi. Wanawake walikuwa wameanza kusonga ugali uani, nasikia mwiko unagonga sufuria. Luhende akanitazama kwa upole, hana haraka, na akaniuliza lile swali ambalo nimeulizwa na wote walionitaka nijibu kwa faida yao, ila yeye hakuwa na faida yoyote tena, mke wake amekufa na mimi nimestaafu.

"Kwani wewe, shemeji, ulikuwa unataka nini?"

Nilifungua mdomo kusema chochote. Neno lililotoka lilikuwa jingine, nami nililisikia wakati mmoja na yeye.

"Ualimu," nikasema.

Nikalisikia hata baada ya kulisema. Nikaikalia mikono yangu, hii mikono iliyoshika maelfu ya watoto wachanga. Luhende aliona. Akavua kofia yake ya msibani, akaiweka magotini, na akaniambia kwa heshima yote, kwa moyo wake wote, kama anavyoshukuru mtu aliyeokolewa:

"Basi wabeja sana, shemeji. Wabeja kwa kutosema."